Mama wa Lemayian

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli nyekundu na makala iliyokuwa imeshasomwa na watu wenye akili kunizidi. Mkuu wa Uhakiki, mzee wa miwani mizito ambaye hakusalimia mtu kabla ya chai, aliniambia nitie alama ya vema juu ya kila neno nililolithibitisha. Nikamuuliza, hata "na"? Akasema, "Hata 'na'. Ukiandika kwamba fulani na fulani walikuwa pale, hiyo 'na' imetoa ushahidi."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, katika jarida moja la Nairobi: uhakiki wa taarifa. Majirani zangu vijana hapa Kitengela huniuliza kama nilikuwa mwandishi. Wapi! Sikuandika hata sentensi moja. Mwandishi alileta makala yake, nami nikaifumua uzi baada ya uzi kabla haijaenda kuchapwa: majina, miaka, shule, nani alisema nini na alimwambia nani. Jambo zito lilitaka vyanzo viwili, yaani watu wawili wanaolijua, kila mmoja kwa macho yake, si kwa kusimuliana. Simu zenu hizi zilipokuja na majibu ya haraka, sikuziamini, na bado siziamini sana.

Nilianzia meza ya michezo, nikajifunza kwamba wachezaji mpira hawazeeki. Nikapelekwa meza ya siasa, na huko tuache. Mwishowe nikawekwa kwenye sanaa, nikakabidhiwa waigizaji wa filamu. Hao niliwapenda, lakini maisha yao yalinitoa jasho, kwa sababu wenyewe wameyasimulia mara nyingi hadi wamesahau yapi yalitokea.

Lemayian hakuwa hivyo. Mkimwona kwenye filamu mnadhani ni mtu wa kelele, kumbe ni mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Makala yake ilinijia nikikaribia kustaafu. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba Lemayian aliua simba akiwa kijana. Nilicheka peke yangu. Mmaasai akiandikwa Nairobi, lazima aue simba. Nilimpigia simu, akaniambia hata mbwa wa jirani humkimbiza. Nikafuta simba.

Lakini chini kidogo kulikuwa na jambo lisilochekesha. Mwandishi alikuwa ameambiwa na binamu mmoja kwamba mwanamke anayejulikana kuwa mama yake Lemayian hakumzaa, na kwamba "mama halisi" ni mke mwenza, anayeishi boma hilohilo. Mhariri wa Makala, mtu mcheshi mwenye haraka zake, alishaifanya hiyo iwe kichwa cha habari. Akaniambia, "Mama Njeri, wewe niletee tu vema."

Nikaenda. Kajiado nilipita shuleni alikosoma, mwalimu mkuu akanionyesha jukwaa alilochezea drama mara ya kwanza, nikamaliza hayo mapema. Kisha nikashika njia ya Mashuuru.

Bomani nilipokelewa na mama mrefu, mwembamba, shanga zimejaa shingoni. "Takwenya," akanisalimu, nami nikaitikia, "Iko," akafurahi kwamba Mkikuyu ameitikia vizuri. Huyu ndiye watu wote wa huko waliyemwita Ngoto Lemayian, mama wa Lemayian, wala hakuna aliyelitumia jina lake lingine. Alinipa chai ya maziwa matupu, akanisimulia mtoto wake. Alivyomwiga pasta wakati wa mahubiri. Alivyojifanya daktari wa mifugo, akidunga ndama sindano ya mwiba mpaka akapigwa teke. Alisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. Halafu akaniuliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini: kama jina lake litaandikwa. Kina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kumsomea makala hiyo Jumapili.

Nikaweka kikombe chini. Nikitia vema pale nilipotumwa, mama huyu angesomewa mbele ya kanisa kwamba yeye si mama.

Mke mwenza ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Mfupi, mwenye hatua za haraka. Sikuhitaji kuzungukazunguka, maana alishajua nilichofuata. Alisimama, akaniangalia usoni.

"Mimi nilizaa yeye," akasema. "Huyu mwenzangu hakupata mtoto, nyumba yake ilikuwa kimya. Nikampa. Kwetu ukipeana mtoto umepeana. Analala kwake, anarithi ng'ombe za nyumba yake. Sasa mkiandika ni wangu, mimi nimechukua tena kitu nilipeana. Hapa nyumbani nitaitwa nani?"

Nilimuuliza kama haikumuuma. Akasema iliuma sana, mpaka siku alipomsikia mwenzake akiimba ndani ya ile nyumba.

Nairobi, Mhariri wa Makala aliniuliza swali moja tu: huyo mke mwenza alimzaa au hakumzaa? Nikamjibu alimzaa. Akasema basi ni kweli, tia vema. Nikamwambia kuzaa ni kweli, lakini kwenye karatasi mwandishi hakuandika kuzaa, ameandika "mama halisi", na hilo nimelihakiki kwa aliyezaa mwenyewe, amelikana. Akapendekeza tuseme "mama mlezi". Nikakataa hilo pia, kwa kuwa bomani hakuna mtu wa cheo hicho. Tulibishana mpaka wenzetu wakatoka kwenda kula. Sitawadanganya, sikuwa na uhakika. Maisha yangu yote niliamini kwamba ukifuta jambo la kweli umedanganya.

Basi nikampigia Lemayian, nikaweka simu mezani ili Mhariri naye asikie. Nikamweleza tulichokuwa tukibishania. Kisha akasema, "Mimi najua tangu utotoni. Nilikuwa nikipita kwake jioni, ananipa maziwa, nikimaliza ananiambia, rudi kwa mama yako." Akatuomba, "Tafadhali, msinirudishe kwake. Hataki. Na mama yangu atakufa kwa aibu."

Mhariri alichukua penseli yangu mwenyewe, akaikata aya yote. Hakunitazama siku nzima.

Sasa nimestaafu. Asubuhi nasikia malori ya mawe yakitoka machimboni, namwagilia mboga zangu za sukuma, na wakati mwingine najiuliza yule Mkuu wa Uhakiki angeniambia nini. Huenda angenifukuza. Ninachoweza kuwaambia nyinyi mnaoanza kazi hii ni hiki: nendeni mpaka mlangoni kwa mtu. Kuna mambo hayakubali kusemwa kwenye simu, na mengine hayakubali kusemwa mpaka mtu akusindikize.

Mwaka jana Ngoto Lemayian alifariki. Lemayian alinipigia akilia, akaniomba nihakiki wasifu utakaosomwa kanisani. Nikaenda mapema siku ya mazishi, nikaketi kitandani na yule mke mwenza, nikamsomea mstari kwa mstari. Alinisahihisha mahali pamoja: marehemu alibatizwa baada ya kile kiangazi kikali, si kabla. Nikafika palipoandikwa, "Ameacha mtoto mmoja, Lemayian." Nikamuuliza, kama ninavyouliza chanzo chochote, kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema. Kisha akanishika mkono. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

Lemayian akaingia, suti nyeusi, macho mekundu. Akainamisha kichwa mbele yake kama watoto wa huko wanavyosalimia wakubwa wao. Yule mama akamwekea kiganja utosini, akakiacha hapo muda mrefu kuliko salamu. "Pole kwa mama yako," akamwambia. Mimi nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nalia kuwashinda wenye msiba.