Jiwe la Buguruni na Moto wa Sonara

Almasi yangu ya kwanza niliinunua Buguruni, katika chumba kisicho na dirisha, kutoka kwa mwanamume aliyekuwa amejifunika shuka akidai ana homa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika ofisi moja ya Posta, na zilikuwa zimebaki wiki tatu niolewe. Fedha niliyomlipa ilikuwa nusu ya mahari yangu. Nilitoka mle nikitembea taratibu, mkono nimeukunja kifuani, na watu wote wa Buguruni niliwaona maskini.

Mahari yenyewe ilikuwa mkufu wa dhahabu wa mama mkwe na fedha taslimu. Aliyekaa na wazee wa upande wa mume na kupatana nao ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka sita katika nyumba ya kupanga pale Kariakoo. Alikuwa mshonaji, mfupi, mwenye maneno machache na yote ya kuchoma. Mpango wake ulikuwa huu: mkufu utayeyushwa, fedha zitanunua dhahabu ya kuongezea, na sonara atanitengenezea bangili mbili nzito.

"Hizo ndizo zako," aliniambia. "Nyumba ni ya mumeo, kitanda ni cha mumeo, na siku ya ugomvi utaambiwa hata sufuria ni ya mumeo. Bangili hakuna wa kukuvua."

Mimi bangili sikuzitaka. Mwaka ule mke wa mkubwa mmoja aliingia ofisini kwetu kumngoja mumewe, akakaa karibu na dirisha, mkono juu ya pochi. Alikuwa na pete yenye jiwe. Jua lilipompiga, madoa ya rangi yalianza kutembea darini, juu ya mashine yangu ya kupigia chapa, mekundu, ya kijani, ya zambarau. Niliacha barua katikati ya sentensi. Sikujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kushika chumba kizima. Tangu siku hiyo dhahabu niliiona kitu cha vikongwe.

Sasa lazima nieleze zama zenyewe, maana wajukuu zangu nikifika hapa huwa wananicheka. Ilikuwa miaka ya foleni. Duka la ushirika la mtaani kwetu lilikuwa na rafu ndefu, na juu ya rafu kulikuwa na dawa ya viatu, kiberiti kikibahatika, na vumbi. Sukari, sabuni, khanga, vitenge, vyote vilikuwapo mjini, ila vilikuwa nyuma. Ulipita uani, uligonga mara mbili, ulisema umetumwa na fulani. Kilichowekwa mbele ya macho kilikuwa kibovu ama kimekwisha; kizuri kilifichwa. Tulizoea hivyo hadi kufichwa kukawa kipimo. Ukiambiwa kwa kunong'onezwa, uliamini. Ukizungushiwa gazeti kuukuu na kuambiwa ufungue ukifika nyumbani, uliamini zaidi.

Basi mwenzangu wa ofisini aliponiambia yupo mtu Buguruni mwenye pete ya almasi ya Shinyanga, na kwamba haruhusiwi kuonekana nayo, mimi sikuuliza kama ni ya kweli. Kule kufichwa kwake ndiko kulikonijibu. Yule mgonjwa wa shuka aliiwasha tochi kwa nukta chache tu, jiwe likametameta, akaizima haraka kama mtu anayeogopa. Hata kuogopa kwake kulinifurahisha. Na shuleni, jamani, niliwahi kuandika insha juu ya methali isemayo si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Nilipata alama nzuri sana.

Siku nne nililificha jiwe lile ndani ya mto wa kulalia. Siku ya tano shangazi aliniambia nilete mkufu na fedha, twende kwa sonara kesho yake. Nilileta mkufu. Akauliza zilipo fedha. Nikasema zipo. Akaacha cherehani.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Sema."

Nikasema yote, na nikamtolea pete. Niliyategemea matusi, na nilikuwa nimeyaandalia majibu. Hakutukana. Aliishika pete kwa ncha za vidole, akaigeuza mara moja, akanirudishia. Kisha akaendelea kushona gauni la mteja mpaka pindo likaisha.

Sonara alikuwa na chumba chake cha kazi katika mtaa wa nyuma, si mbali na soko. Alikuwa Mhindi mzee aliyekuwa akiishi Upanga, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Alikaa chini juu ya godoro dogo, mlango wazi kabisa. Kila jioni, shangazi aliniambia, hufagia sakafu mwenyewe na zile takataka hazitupi; huzichoma baadaye akatoa dhahabu iliyojificha kwenye vumbi.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, bibi harusi," alijibu. Nadhani shangazi alikuwa amekwisha kumweleza habari za ndoa, kwa kuwa yeye alikuwa sonara wake kwa miaka mingi. Habari za pete hakuwa nazo. Shangazi aliiweka mbele yake.

Mzee hakuinua hata kioo chake cha kukuzia. Alilipulizia jiwe pumzi ya mdomo, kama mtu anayefuta miwani. Likaingia ukungu. Tulikaa tukiutazama ule ukungu. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika sita, saba, na ulikuwa bado upo. Halafu akalichomoa jiwe kwenye pete kwa koleo, akaligeuza chali juu ya gazeti. Nikasoma herufi ndani yake, zimepinda kidogo, lakini zinasomeka.

"Ni kioo," alisema. "Kimekatwa vizuri. Na pete ni shaba iliyooshwa dhahabu. Mlinunua wapi?"

"Chumbani," alijibu shangazi. "Gizani."

Mzee akatikisa kichwa, si kwa kunilaumu. Akaniambia neno nililolibeba hadi leo: kwamba jiwe la kweli haliogopi jua, na anayekuuzia jiwe bila jua, basi jua ndilo analoliogopa. Nilianza kulia. Nililia kijinga, pua na macho. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na mikononi sikuwa na kitu zaidi ya mkufu mmoja mwembamba, na wanawake wa upande wa mume wangekuja kunitazama mikono siku ya harusi. Lakini si hao walioniumiza. Kilichoniuma ni kwamba kile kitu kimoja katika dunia ambacho kingekuwa changu, nilikuwa nimekitoa mwenyewe kwa mtu aliyelala.

Yule mzee alinyanyuka, akafungua kasha, akatoa kijifuko. Ndani yake kulikuwa na kipini cha pua, cha mteja aliyekileta kutengenezwa mguu uliokatika. Juu ya kipini palikuwa na jiwe dogo kuliko punje ya mtama.

"Hili si la kuuza," alisema. "Tazama tu. Aliyeibiwa sharti ajue alichokuwa anakitafuta, la sivyo ataibiwa tena."

Akaniita mlangoni penye jua. Akalipulizia pumzi. Niliinama kuutafuta ukungu na sikuuona. Uliondoka hata kabla macho yangu hayajafika. Kisha akaligeuza kidogo, na lile jiwe likatoa moto. Sina neno jingine. Lilikuwa dogo kiasi cha kupotea katika mkunjo wa kiganja, na lilitoa mwanga mkali, mweupe, halafu wa bluu, halafu mwekundu, mpaka nikarudi nyuma hatua moja. Machozi yalikauka yenyewe. Nilijiona mdogo, na sikuona aibu kuwa mdogo. Kitu kilichotoka chini ya ardhi ya Shinyanga, kwenye giza la miaka isiyohesabika, kilikuwa kinacheza na jua la Kariakoo, huku wapita njia wakibishana bei ya nazi.

Shangazi naye alisogea akatazama. Alitazama muda mrefu, muda mrefu kuliko mimi.

"Zuri," alisema mwishowe. "Fundi, mwenye nalo akija kukuuzia kesho, utampa kiasi gani?"

Mzee alicheka kidogo. "Dhahabu nitampimia. Jiwe sitanunua, mama. Nitamuuzia nani siku hizi?"

"Umesikia?" shangazi aliniuliza. "Ukinunua, uliza kwanza bei ya kurudisha. Kuuziwa ni rahisi, kila mtu anakuita dada."

Kisha akatandika khanga sakafuni, akakaa, akanivuta nikae. Maana kwetu dhahabu haiachwi kwa sonara, hata awe mwaminifu kama malaika. Mwenye dhahabu hukaa nayo. Hula pale pale, na akitaka kuswali humwacha mwenzake aikodolee macho. Macho hayaondoki tangu inapoingia kwenye mizani mpaka inapotoka kwenye maji. Sonara mwenyewe haoni vibaya. Asiyetazamwa ndiye huchukia, kwa sababu baadaye atasingiziwa.

Mzee aliusugua mkufu juu ya jiwe lake jeusi, akaangusha tone la tindikali kwenye ule mstari. Mstari ulibaki wa njano. Akapima, akasema uzito, shangazi akaurudia kwa sauti. Halafu akaukata vipande, akavitia kwenye kijichungu cha udongo juu ya mkaa, akatupia unga mweupe wa kuyeyushia, akaanza kuvukuta moto.

Sikuwa nimewahi kuona dhahabu ikifa. Kwanza vipande vilikuwa vyeusi, vimenyauka, nikadhani vimeungua. Kisha kingo zikalegea. Kisha, bila onyo, vyote vikajikusanya kuwa tone moja linalotetemeka, jororo kama samli, linang'aa kwa mwanga wake lenyewe. Mkufu ambao mama mkwe alikuwa ameuvaa miaka yote haukuwapo tena, wala hakuna kilichopungua. Lile jiwe la kipini lilikuwa limenishangaza kwa kukataa kila kitu, hata pumzi. Hii ilinishangaza kwa kukubali.

"Itatosha mbili," mzee alisema, "lakini nyembamba kama ganda la kitunguu. Zitapinda siku ya kwanza ukisonga ugali. Nawashauri moja."

Bangili moja haivaliwi na bibi harusi. Hilo hakuna aliyehitaji kulisema. Mzee aliendelea kuvukuta pole pole, akisubiri jibu, tone lisipoe. Mimi nilitazama sakafu.

Shangazi alimwomba mafuta ya nazi.

Katika mkono wake wa kushoto alikuwa na bangili nene, ya kizamani, isiyo na nakshi. Zilikuwa mbili alipoolewa. Alipoachwa, akiwa hana mtoto wala pa kulala, aliuza moja na kununua cherehani, na kwa cherehani hiyo nilikula, nikavaa, nikasoma hadi nikajua kupiga chapa. Hii iliyobaki ndiyo ilikuwa uzee wake. Alizoea kunena hivyo waziwazi: siku mikono ikishindwa kushona, hii itanizika. Mkono ulikuwa umenenepa, bangili haikuwa imevuka kiganja kwa miaka. Alijipaka mafuta, akakunja kidole gumba ndani, akavuta. Ngozi ilijikusanya, ikawa nyekundu. Nilimshika mkono nikamwambia shangazi, hapana, nakuomba. Aliniondoa kwa kiwiko. Ilitoka ghafla, na mahali ilipokuwa palibaki mduara mweupe.

"Niipime kwanza?" mzee aliuliza, amenyoosha mkono kwenye mizani.

"Weka," alisema shangazi.

"Mama, bila kupima?"

"Weka, fundi."

Mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akaiteremsha mle chunguni kwa koleo, nzima nzima. Ilikaa juu ya lile tone kwa muda, ngumu, kama haitaki. Halafu ikainama upande mmoja, ikazama.

"Nitakurudishia," nilisema. "Shangazi, wallahi nitakurudishia bangili yako."

"Ipi?" aliuliza. Alielekeza kidevu chunguni, kwenye lile tone lililokuwa sasa moja, kubwa, linalotetemeka. "Nionyeshe ilipo."

Sikuweza kumwonyesha. Nilikuwa nimegeuka kabisa, namtazama uso, nalia tena, na yeye hakuwa analia. Aliyakaza macho yake kwenye moto, kama ambavyo mwenye dhahabu hutakiwa kufanya.

"Usinitazame mimi," alisema. "Tazama dhahabu yako."