Askari wa Kutosha

Wageni walipofika Masumbwe, mji uliamua siku hiyo hiyo kwamba ni wanunuzi wa dhahabu. Hakuna aliyehitaji ushahidi. Walikuwa wanaume sita wenye viatu vya ngozi katikati ya kiangazi, wamekuja kwa magari mawili, watatu watatu, hawasalimiani, na kila mmoja ana mkoba asioutua chini. Kwetu watu wa namna hiyo ni wanunuzi. Na kama hawasalimiani, basi wanagombea duara moja, yaani shimo moja la dhahabu.

Asubuhi ya pili mchimbaji mmoja alisimama kwenye geti la hosteli waliyofikia, jiwe lake likiwa limefungwa kwenye leso. Alimwona mgeni mrefu kuliko wote akipiga mswaki uani, akapaza sauti: "Mwangaluka!"

Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma tu. Mgeni akaruka nyuma ya nguzo, mswaki mdomoni.

"Anakusalimu," nilimwambia.

"Anasalimia namna gani, kama anatoa amri?"

"Ndivyo tunavyosalimiana."

Akatoka nyuma ya nguzo, akalitazama lile jiwe kwa adabu kubwa, akalirudisha. "Iko muzuri," alisema. Mchimbaji aliondoka mbio. Kufikia saa sita mchana, kwenye kila mashine ya kusaga mawe mjini, ilijulikana kwamba mnunuzi mkuu ameukubali mwamba wa upande wa mashariki.

Mnunuzi mkuu alikuwa kamanda wa waasi. Sasa naweza kuliandika, kwa sababu makubaliano yenyewe yalikwishatangazwa redioni na kila mtu alirudi kwao. Watatu walitoka serikalini na watatu msituni, wote wa nchi moja, ng'ambo ya ziwa la magharibi. Msuluhishi wao, balozi mstaafu kutoka Afrika Magharibi, alitaka mahali ambapo mwandishi wa habari hawezi kupita kwa bahati mbaya. Akachagua hosteli ya mafunzo nje kidogo ya Masumbwe, yenye vyumba kumi na viwili, ukumbi mmoja na jiko moja.

Mimi niliitwa kuchapa. Nilizaliwa Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku, nikasoma hadi darasa la saba. Yaliyobaki nilijisomea. Nina duka la steshenari mjini, lenye kompyuta mbili na printa moja ninayoielewa. Kifaransa nilijifunza kutoka kitabu kisicho na jalada, kurasa mbili kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kwa miaka kumi na moja, bila kuzungumza na mtu hata mmoja. Kiswahili nilikisoma kwa bidii zaidi. Msukuma wa kijijini huzaliwa na herufi moja inayofanya kazi ya r na l, na mimi nilizitenganisha kwa daftari, neno baada ya neno: kalamu huku, karamu kule. Mtu aliyepata lugha yake kwa jasho namna hiyo huwa hawezi kupita mbele ya kosa akaliacha. Nimewahi kumwandikia kinyozi kibao kipya bila kuombwa.

Siku ya kwanza nilielezwa masharti. Neno "waasi" halitajwi ukumbini. Tunasema "upande wa pili". Serikali hula saa saba kamili na upande wa pili hula saa saba na nusu, meza hiyo hiyo, kitambaa kikishabadilishwa. Mpishi, mama wa makamo mwenye kicheko cha kusikika barabarani, aliyachukulia masharti hayo kama matusi kwa wali wake.

"Nusu saa nzima!" alinilalamikia. "Hawa wa pili wanakula ukoko."

Katika hosteli nzima, mpishi ndiye aliyekuwa na jambo lake hasa kwenye mazungumzo hayo. Alivushwa ziwa akiwa binti wa miaka tisa na shangazi yake, akaolewa na Msumbwa, akawa wa kwetu. Mama yake mzazi alibaki kwenye mji ulio juu ya milima, na kutoka mji huo hadi bandarini kuna barabara moja tu. Upande wa chini wa barabara hiyo wanajeshi wa serikali walikuwa wameweka kizuizi. Juu yake, vilimani, walikaa watu wa upande wa pili. Bibi huyo alishafunga mizigo yake mara tatu ili ashuke avuke kuja kwa binti yake, na mara zote tatu alirudishwa.

"Umri wake unakwenda," mpishi alisema. "Wakikubaliana kuhusu barabara, atakuja. Wasipokubaliana, sitamwona tena. Kwa hiyo wewe, Mwalimu, chapa vizuri." Mimi si mwalimu. Aliniita hivyo kwa sababu ya miwani.

Walikaa siku tatu na rasimu nane bila kukubaliana hata jinsi ya kupanga viti. Siku ya nne, saa nne asubuhi, mambo yalifunguka ghafla. Walipokuwa na msuluhishi walizungumza Kifaransa, lakini walipokasirikiana wao kwa wao walihamia Kiswahili chao, na asubuhi hiyo hasira iliwafikisha mahali ambapo upole ulishindwa. Serikali ivunje kizuizi chini. Upande wa pili washushe watu wao kutoka vilimani. Yote ndani ya siku saba. Hayo niliyajua baadaye, kwa kuwa mimi na kompyuta tulikuwa chumba cha pembeni. Wakataka maandishi ya kutia saini yawe ya Kiswahili kwanza, kwa kuwa askari wa kizuizini hasomi Kifaransa. Msuluhishi, ambaye Kiswahili chake kilikomea kwenye "asante", aliniletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono wao na kunipa nusu saa.

Nilikaa mbele ya kompyuta, nikasoma kipengele cha kwanza: *Serikali itatosha askari kwa barabara, toka mulimani mpaka bandari.*

Niliguna. Itatosha askari! Kitenzi hicho hakiwezi kukaa hivyo. Wenye kutosha ni askari, si serikali. Nikatafakari walichokusudia, nikaandika kwa Kiswahili safi: *Serikali itaweka askari wa kutosha kwenye barabara, kutoka mlimani hadi bandarini.* Kipengele cha pili kilikuwa na ugonjwa ule ule, nikakitibu kwa dawa ile ile: *Upande wa pili utakuwa na watu wa kutosha vilimani.* Nikaweka namba, nikasawazisha pambizo, nikachapa nakala tatu. Nakiri kwamba nilizitazama kwa furaha. Ilikuwa rasimu ya tisa na ilikuwa imenyooka kuliko zote.

Nilipozipeleka ukumbini, Kamanda alisoma kimya, kisha kwa sauti.

"'Askari wa kutosha.' Wa kutosha? Tulisema hivi?"

Kiongozi wa upande wa serikali, mtu mnene mtaratibu ambaye sote tulimwita Mheshimiwa, alikuwa amefika kipengele cha pili. "Na hii? 'Watu wa kutosha vilimani'! Muliandika saa ngapi, ninyi?"

"Ninyi benyewe ndio mulitembea kwenda kwa ile masini ya kuchapa!"

"Mimi nilienda chooni!"

"Na karatasi mukononi!"

Viti vikasukumwa. Msuluhishi alisimama katikati, akigeuza shingo huku na huku, akiomba kwa Kifaransa aelezwe, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumweleza. Baada ya dakika tano mikoba ilikuwa inatupwa ndani ya magari. Dereva wa serikali alishawasha injini. Ndege yao ilikuwa inaondoka Mwanza jioni.

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilikwenda jikoni na nakala yangu mkononi, kwa kuwa jikoni ndiko kulikokuwa na mtu wa kumwuliza.

"Wamegombana," nilisema. "Wanasema sivyo walivyokubaliana. Lakini nimeandika walichosema, nimenyoosha sarufi tu."

Mpishi alifuta mikono, akachukua karatasi, akasoma huku midomo ikicheza. Kisha akapiga ukelele uliomfanya paka atoke dirishani.

"Nani kaandika 'wa kutosha'?"

"Wao wameandika 'itatosha'. Ni kosa, kwa sababu kitenzi..."

"Mwalimu! Kule kwetu kutosha ni kutoa! Mama yangu alikuwa akiniambia, 'Tosha viatu, unachafua sakafu.' Tosha, toa, ondoa! Walikuwa wanawaondoa askari!"

Nilikaa juu ya gunia la mchele.

"Wamewaondoa," alisema, "na wewe umewarudisha! Umemjazia mama yangu askari! Na hukutosheka, ukapanda mlimani ukaongeza na wengine!"

Ilikuwa kweli tupu. Kwa nusu saa moja, bila hata bunduki, nilikuwa nimeimarisha majeshi yote mawili.

"Inuka," mpishi aliniambia. Alikuwa na mwiko mkononi na sikuona sababu ya kubishana.

Tulitoka uani. Nilisimama kati ya magari mawili na kuinua karatasi. Sauti yangu, ambayo kwa kawaida ni ya kutosha kwa duka dogo, ilitoka nyembamba.

"Waheshimiwa, kosa ni langu. Mliandika 'itatosha'. Mimi nilidhani hamjui Kiswahili, nikawasahihisha."

Injini ilizimwa. Kamanda alishusha mguu mmoja kutoka kwenye gari lake. Mheshimiwa alifungua kioo.

"Ulitusahihisha?" aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kiswahili chetu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Walitazamana, kwa mara ya kwanza katika siku nne bila kumpitia msuluhishi. Kicheko kilianzia kwa Kamanda, mahali fulani chini ya mkanda, kikapanda. Mheshimiwa alijaribu kukizuia kwa heshima ya cheo chake, akashindwa, akatoka garini ameshika tumbo.

"Weye, Profesa," alisema Kamanda, akinijia. "Kwenu, mutu akitosha viatu, munasema nini?"

"Anavua."

"Jino?"

"Tunang'oa."

"Sufuria kwa moto?" aliuliza Mheshimiwa.

"Tunaepua."

"Maji kwa kisima?"

"Tunateka. Au tunachota."

"Mawili!" Mheshimiwa alimgeukia Kamanda na kumpiga begani, mtu ambaye asubuhi hiyo hakutaka kukaa kiti kinachopakana na chake. "Kisima moja, maneno mawili! Unasikia hawa?"

"Ndio maana hawapigani," alisema Kamanda akifuta macho. "Bado wanatafuta neno."

Mpishi alicheka mpaka akaegemea gari la serikali. Msuluhishi alinishika mkono akaniomba, tafadhali, mtu mmoja amwambie. Basi nikamweleza kwa Kifaransa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukizungumza na binadamu, na nilikitamka kama kilivyoandikwa, herufi zote hadi ya mwisho, kwa kuwa kitabu changu hakikunieleza kwamba nyingine ni za kutazamwa tu. Alicheka mara mbili: mara ya kwanza kwa matamshi, na baadaye, alipoelewa, kwa habari yenyewe. Ilibidi avue miwani. Nikajikuta na mimi nacheka, nimeshika rasimu ya tisa kifuani, na kila nilipotaka kunyamaza nilisoma tena "askari wa kutosha" nikaanza upya.

Tulirudi ukumbini. Nilipendekeza, kwa unyenyekevu, neno "itaondoa", ambalo lingeeleweka pande zote za ziwa.

"Hapana," walisema wote wawili, kwa sauti moja.

"Lakini kwa usahihi..."

"Itatosha!" alisema Mheshimiwa.

"Itatosha," aliunga mkono Kamanda. "Hiyo ndiyo askari wangu anaelewa, na ndiyo askari wake anaelewa."

Msuluhishi aliandika kitu kwenye daftari lake, akanionyesha baadaye: ulikuwa msimamo wa kwanza wa pamoja wa pande mbili. Nilipigania angalau "yaani itaondoa" baada yake, wakaniruhusu kwa huruma. Wakati nachapa rasimu ya kumi, neno kwa neno, mpishi alitangaza kwamba chakula kimepoa mara moja na hakitapoa mara mbili, na kwamba kitambaa ni kimoja. Walikula wote sita pamoja, wakiulizana kwa sauti wali unatoshwaje kwenye sahani. Nilisikia nikajizuia kuwaambia kwamba unapakuliwa. Saa tisa walitia saini.

Kisha zikaja siku saba. Mpishi alizihesabu kwa kunipigia simu dukani. Siku ya tano hakuna habari. Siku ya saba hakuna. Siku ya nane alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja, nami sikupata kazi ya maana ya kufanya mbele yake. Nikazipanga upya bahasha zilizokuwa zimepangika. Siku ya tisa simu yake iliita akiwa hapo hapo. Ilikuwa namba ya Kigoma. Alisikiliza, akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Yuko upande huu," alisema. "Ameshavuka ziwa!"

Kesho yake tulikwenda stendi saa mbili kabla ya basi, yeye, mume wake na mimi. Mpishi alizunguka kibanda cha tiketi mara nyingi hivi kwamba wakala alimwuliza kama amepoteza kitu. Basi lilipoingia hakusubiri lisimame. Alikimbia nalo sambamba, akipiga ubavu wa bati kwa kiganja, akiita "Mayu! Mama! Mayu!" kwa lugha zote alizokuwa nazo, huku abiria wakichungulia wakidhani kuna ajali.

Bibi alishuka mwisho, mfupi, mkavu, kofia ya sufu kichwani. Binti yake alimnyanyua kutoka kwenye ngazi kama mtoto. Mume wa mpishi akageuka upande, akajishughulisha na mizigo. Nami niliposogea na kusema "Shikamoo, mama," alinitazama kwa mashaka kidogo, akajibu, "Jambo sana."

"Mama," mpishi alisema, amemshika uso kwa mikono miwili, "niambie. Pale kwenye kizuizi. Walikuwa wametoka kweli? Ulionaje?"

Bibi alifikiri. Ilionekana anapitia safari yote, kituo kwa kituo, akitaka kumpa binti yake jibu zuri.

"Kizuizi?" alisema. "Mi sikukiona. Nilikuwa nimelala."