Wimbo wa Mlangoni Waliouuzia Sabuni

Simpendi yule mkurugenzi, na sioni haya kusema.

Nilisoma violini kwa masista tangu utotoni, nikaendelea Kinshasa mpaka vidole vikaota sugu. Lakini huku kwetu violini hailishi mtu. Kiwanda kimoja cha sabuni kikanipa idara nzima ya matangazo na masoko, Masisi mpaka Walikale. Kazi niliiweza. Niliwatungia nyimbo za redio, nikakaa na wamama wa sokoni nikajua wanachotaka, sabuni ikatoka. Mkurugenzi akisimama mbele ya wageni alisema "mimi nilifanya".

Dereva wetu alipokufa tulikwenda kumzika kwao Kashebere. Sisi watu wa vilima tuna wimbo mmoja unaoimbwa maiti anapovushwa mlango, basi. Hauimbwi shambani wala jikoni. Mama yangu aliwahi kunizaba kofi nilipouimba nikichambua maharagwe. Anayeusikia njiani hutua mzigo na kusimama. Nikaupiga kwa violini, polepole. Watu walilia. Mkurugenzi naye alilia, huku ameinua simu anarekodi.

Jumatatu akaiweka simu hiyo mezani, kwenye mkutano.

"Njo hii wimbo tulikuwa tunatafuta," akasema. "Tunatia jina ya sabuni pale juu. Inaingia mu roho."

"Papa Directeur, hapana. Ile wimbo iko ya kutosha maiti mu nyumba, kumutoa ku mlango."

"Mama, muziki iko muziki. Batu banapenda kitu banajua."

Nilimweleza kwa upole, halafu bila upole. Nikamwambia mama yangu amelala mgonjwa Bihambwe, na kitu kimoja tu ameniomba: nimtoe mlangoni kwa wimbo huo.

"Sasa mama yako hayakufa bado," akajibu. "Unalia nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Aliupeleka studio Goma, wakautilia mdundo wa kucheza.

Siku ya soko gari la vipaza sauti likapanda Bihambwe, mkurugenzi amekaa mbele kama bwana harusi, nami nimeamriwa kufuatana nao. Wimbo ulipotoka, wanawake walitua vikapu, wanaume wakavua kofia, wote wakageuka kutafuta jeneza. Wakaona sabuni. Hakuna aliyetukana, heri wangetukana.

"Unaona?" akaniambia akicheka. "Soko yote inasimama!"

Nilimwita mpumbavu, kwa sauti, mbele ya watu. Kazi yangu iliishia hapo hapo, na sijaijutia hata kidogo.

Lakini gari halikuishia hapo. Lilirudi kila siku ya soko. Mwanzoni walisimama wote, baadaye wazee peke yao, halafu hata wazee wakachoka, watu wakaendelea kubishana bei ya mihogo. Watoto ndio waliojua kuukatia viuno vizuri zaidi. Nilikuwa nikiwatazama natamani kulichoma lile gari.

Mama alikufa wakati wa mvua. Jeneza lilipoinuliwa nilisimama mlangoni, violini begani. Kiongozi wa kwaya, mwanamke aliyeimba na mama maisha yake yote, akaushika upinde wangu na kuushusha.

"Dada, acha," akaninong'oneza. "Batoto bako inje. Batacheza."

Nikachungulia uani. Walikuwa wamejaa, wamekaa kwa adabu, wananitazama mikono.

Tukamtoa mama kimya.