Mrija wa Mama

Siku ya pili ya matembezi ya saratani ya matiti, kutoka Malaba hadi Busia, niliwaacha wenzangu wote nyuma. Nilikuwa nimerudi eneo la nyumbani na diploma yangu na raba nilizojinunulia, na sikuwa na lengelenge hata moja. Tulipopumzika, mama mmoja wa hapo alimimina maji moto kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, akatugawia mirija mirefu. Mvuke ule mchachu ulipanda puani.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu aliuza ajono. Titi lake lilipotoboka kidonda, alilifunga kwa leso akaendelea kuketi na wateja, mrija mkononi. Usaha ulipenya leso. Ulinuka kama nyama iliyosahauliwa sufuriani.

"Mama, si unywe yako kando?" jirani yetu alisema. "Hiyo kidonda itatuharibia pombe." Aliuchomoa mrija wa mama chunguni, akautupa chini. Wengine wakacheka, wakaendelea kunywa pombe aliyoipika yeye.

Mama aliuokota, akaja kwenye mkeka nilioketi. "Basi nitakaa na mtoto wangu."

Niliziba pua kwa mikono miwili, nikahamia kwa wale wateja. Walinipisha.

"Dada, chukua mrija," mwenye chungu aliniambia pale tulipopumzika. "Ama ukisoma unakataa ajono?"

Nilimjibu kwamba sinywi vitu vya kienyeji. Nikakaza kamba za raba, nikawa wa kwanza kurudi barabarani.