Kinachouma Ndicho Kinachofanya Kazi

Mpaka rangi mmoja walimwita Ngazi, kwa kuwa alionekana juu ya ngazi kuliko chini. Mkaidi huyo hana mfano. Ukimwambia jua limechomoza, anapanda kwanza kuhakikisha.

Siku daktari alipompima damu, alikuta mafuta yamezidi, akampa vidonge vya kuulinda moyo, kimoja kila jioni. "Misuli ikikuuma bila sababu, njoo haraka," akamwambia. Ngazi akajibu "sawa" ile ya mwanamume ambaye akili yake imeshafika nyumbani.

Haukupita muda, mapaja yakaanza kuuma, hata akawa anapandisha mguu kwa kuuvuta kwa mkono. Mwingine angerudi hospitali. Yeye akafurahi. Kwenye kazi yake, dawa ya kubandua rangi isipochoma vidole, ujue umeuziwa maji. Basi kwa akili zake nyingi akaanza kumeza viwili.

"Mzee, unatembea kama bata," mkewe alimwambia. "Nenda ukaonwe."

"Mafuta yanabanduka hayo, mke wangu. Kinachouma ndicho kinachofanya kazi."

Asubuhi moja aliingia chooni. Mkojo ulikuwa umegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukaidi wote ukamwisha. Aliogopa kufa, akamwita mkewe kwa sauti ya mtoto.

Hospitalini walisimamisha vidonge, wakamtundikia dripu. Daktari alieleza kwamba misuli ilikuwa inavunjika, na mabaki yake yangeziua figo kama angechelewa zaidi. Yanawapata wachache mambo haya, akasema, lakini anayejiongezea dozi anayaita mwenyewe. Moyo bado ulihitaji kulindwa. Akipona wangetafuta dawa nyingine.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" daktari akamuuliza.

"Nilidhani inafanya kazi."

Mkewe, kando ya kitanda, akacheka huku machozi yanamtoka. "Ndivyo alivyo, daktari. Miaka yote nikimwambia maneno yake yananiuma, ananijibu kwamba ndoa inakomaa."

Daktari akajifanya anakagua dripu. Ngazi alitazama dari, akaona imepakwa ovyo, akameza maneno. Kisha akaushika mkono wa mkewe.

"Maneno gani yalikuuma?" akauliza.

Mkewe akafuta machozi, akavuta kiti karibu, akaanza na ya siku ya harusi.