Zebra ya Kwenye Faili

Nilikuwa nasuza blanketi, jirani aliponiita getini. "Wewe, acha nguo! Mtu wa idara ya barabara amekuja kufuta zebra yetu."

Zebra hiyo, mistari ya kuvukia barabara, tuliichora Jumapili sisi akina mama wa Lanet, kwa udongo mweupe wa Kariandusi tuliokoroga na gundi. Ile ya serikali ilikuwa imefifia, na madereva walikuwa wakipita kwa kasi watoto wetu wakivuka kwenda shule.

Tulimkuta ameshika faili. "Mathe, nani amewapa ruhusa?"

"Tuliomba mrudishe rangi kwa yenu," nikasema. "Hamkuja."

Akafungua faili, akagonga ukurasa kwa kidole. "Yetu ime-fade tu. Kwa rekodi bado iko. Siwezi kuchora kitu ambacho kiko."

"Boss," jirani akamjibu, "kijana wangu akinyolewa fade, angalau nywele zinabaki juu. Yenu imebaki wapi?"

Jamaa akacheka kidogo, akaandika kwamba yetu si halali na kesho italetwa lami ya kuifunika. Gari lake lilikuwa ng'ambo. Akasimama ukingoni muda mrefu, malori yakimpulizia vumbi. Mwishowe akasogea polepole hadi kwenye mistari yetu, akainua faili juu, na lori likasimama. Akavuka bila kutuangalia.

Kesho ilipita, na keshokutwa. Lami haijaletwa. Nadhani nayo iko kwa rekodi.

Leo jioni nimepakua ugali na sukuma, nikahesabu vichwa vya wanangu mezani: wanne, wote wapo.