Maji Moto ya Mama Chebet

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Mimi ni fundi, na nilimwekea Mama Chebet wa Njoro sola ya kupasha maji, nikajisifu mpaka majirani wakachoka. Kesho yake akanipigia simu: maji ya bafuni yalikuwa barafu.

"Mathe, ni mawingu," nikamwambia, na jua lilikuwa linapasua mawe.

Siku ya tatu akaniita kwake. Nikamkuta na pasta aliyekuja kubariki nyumba, nikawahutubia wote wawili kuhusu mawingu. Pasta akachoka, akaenda choo. Tukasikia maji yakishuka, kisha mayowe. Akatoka mbio ameshikilia suruali, mvuke ukimfuata.

"Nimeflash nikiwa nimekaa! Fundi, maji moto yote umepeleka kwa choo?"